Klima ya Boti na Hewa Inayolala Chini

Asubuhi ile nilitoka Pinga kwa sababu mvua ilikuwa imenyamaza. Sababu nyingine sikuwa nayo. Nilikuwa nimemaliza kutengeneza frigo ya chanjo ya kituo cha afya, nikakaa siku nne zaidi bila kazi, nikitazama mto ukipita na magogo yake, halafu siku ya tano nikaamka miguu inaniwasha. Mama yangu alikuwa akisema kitovu changu kilizikwa barabarani. Nilifunga mfuko wangu, manometa ya kupimia gesi, bisibisi, koleo, sabuni ya unga ya kutafutia matundu, nikaenda kusimama kando ya njia. Pikipiki ya kwanza iliyopita ilikuwa inakwenda Nyabiondo, kwa hiyo na mimi nikawa ninakwenda Nyabiondo.

Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Hakuna aliyenifukuza. Kulikuwa na fundi mmoja wa frigo mjini Goma, karibu na nyumba ya shangazi yangu, na siku moja nilimwuliza baridi inatoka wapi. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Baridi haiko kitu, mutoto. Iko joto tu, imetolewa inje." Sikurudi darasani. Nilitaka kujua joto linatolewa kwa mlango gani, na likishatoka linakwenda wapi. Tangu hapo nimezunguka na swali hilo Masisi na Walikale, kutoka frigo moja hadi nyingine, nikilala ninapokaribishwa.

Tulifika Nyabiondo jioni, tope limetufika shingoni. Mahali pa kupakia magunia palikuwa na akina mama wanapepeta maharage juu ya turubai, na dereva wa pikipiki, mtu wa maneno mengi, akanitambulisha kabla sijashuka.

"Huyu kaka anatengeneza klima."

"Kilima?" mama mmoja akauliza. "Anatengeneza kilima?"

"Klima, Mama. Mashini ya baridi."

"Mimi nimesikia kilima. Aje basi atengeneze hii yetu, kila mvua inatelemuka. Alete na misumari."

Wakacheka mpaka maharage yakamwagika. Mwingine akaongeza: "Anauza baridi Masisi! Kesho atauzia samaki maji."

Mwanamke mmoja hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya magunia yaliyokwisha kushonwa, amevaa buti za mpira na kitenge cha manjano, na alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama ng'ombe kabla ya kumnunua.

"Kuya hapa, kaka," akaniita. "Unajua klima ya ndani ya boti?"

"Klima ni klima, Mama."

"Njo vile wote wanasema." Akanisogezea gunia tupu. "Ya kwangu inalalisha bantu vibaya."

Nikakaa chini, akanieleza. Alikuwa na boti ya mbao yenye injini, ya kubeba maharage na unga wa muhogo kutoka kwenye ghuba upande wa Sake hadi Bukavu. Nyuma ya injini kulikuwa na chumba kidogo cha kulala, na joto la injini liliingia mule kama mule ni tanuri. Binti yake alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa kule Sake, wiki tatu zilizopita, na sasa alipaswa kurudi Bukavu kwa mume wake. Barabara ingemfungua kidonda. Boti ilikuwa na chumba, lakini chumba kilikuwa moto. Ndiyo maana Mama akanunua klima, mtumba, na seremala akaipachika ukutani.

"Usiku wa kwanza, santineli wangu wa kwanza, mulinzi wa boti, alilala mule. Asubui tukamukuta anatambaa kama mutoto. Miguu imekufa. Kichwa kinapasuka. Paka alikuwa naye kitandani, hakuamuka tena."

Fundi mmoja alikuja akasema gazi ya klima inavuja. Wa pili akaja akaongeza gazi. Kisha kikundi cha maombi cha kanisa lao kikaja kuombea boti. Walishuka chumbani, klima ikiwa inanguruma, wakapiga magoti, wakafumba macho, na kabla ya amina mama wawili walikuwa wameanguka sakafuni. Waliobaki walitoka mbio wakilia, na tangu siku ile inasemwa mule muna pepo asiyependa sala.

"Mimi naamini Mungu," akasema, "lakini nimeona kitu kimoja. Pasta alikuwa amesimama, hakupiga magoti. Yeye hakuanguka. Pepo gani hiyo inachagua wenye kupiga magoti?"

Nilisikia mwili unanisisimka kwa furaha, aibu au si aibu, kama kila mara ninapokutana na kitu nisichokielewa.

"Kesho jioni mutoto wangu anapanda na katoto kake," akasema. "Kama mule muko kitu, nataka kujua mbele ya jioni. Kama hamuko kitu, nataka kujua pia."

Kesho yake tuliteremka juu ya lori la maharage. Nilishika kamba na kutazama vilima vikigeuka: ng'ombe walioning'inia kwenye miteremko, mikaratusi, wakulima waliokuwa wanapalilia mihogo mahali ambapo mimi nisingeweza hata kusimama. Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni. Kwetu milimani kila mtoto anajua hilo: baridi hushuka. Ukitaka hewa nzuri ya kuhifadhia maziwa, unachimba chini, unaweka chini. Niliwaza juu ya klima ya Mama nikiutazama ukungu ule, na nikajiona fundi mwenye akili.

Tulipita bariera mbili za askari, tukafika Sake mchana, chini ya wingu zito lisilonyesha. Kutoka pale tulikwenda kwa miguu kwenye mawe meusi ya volkano, mpaka mahali ambapo jiwe limepasuka na ziwa likaingia ndani. Kijighuba kilikuwa chembamba, kuta zake zimepita kichwa cha mtu pande tatu, na boti ilikuwa imefungwa mule kama ng'ombe ndani ya zizi. Mama alisema pale ni salama, mawimbi hayafiki, wezi hawapaoni.

Upepo pia haukufika. Hilo nililiona mara moja, lakini sikulifikiria. Maji yalikuwa yamelala kabisa, ila sehemu moja kati ya mawe, ambapo mapovu madogo yalikuwa yanapanda moja moja, bila haraka, kama uji unaoanza kuchemka. Majani kwenye kingo za chini yalikuwa mabichi kupita kiasi. Nilisikiliza chura, sikusikia. Nilisubiri mbu aniume, hakuja. Kwenye jiwe la chini kulikuwa na ndege mdogo, amefunga mabawa vizuri, kichwa kimeinama, kama mtu aliyesinzia kanisani. Alikuwa amekufa, na hakuna chungu hata mmoja aliyekuwa amemfikia.

Santineli mpya alitupokea. Alikuwa baba mmoja mrefu, wote wanamwita Papa, dereva wa zamani wa malori, amevaa koti la mvua la kike na anatafuna muwa. Mkononi alikuwa na fimbo ndefu yenye ndoana ya chuma mwishoni.

"Huyu njo wa tatu," akamwambia Mama. "Anakula nini, huyu?"

"Ananisaidia, Papa. Umwache afanye kazi."

Nilikuwa ninaruka kutoka kwenye jiwe kuingia botini wakati bisibisi moja ilipochomoka mfukoni na kuanguka kwenye mawe ya chini, karibu na yule ndege. Nikageuka kuiokota.

"Wacha!"

Sauti ile ilinisimamisha kama mkono. Papa alinyoosha fimbo yake, akaivuta bisibisi kwa ndoana polepole, akanipa.

"Hapa hatuiname," akasema. "Kitu kikianguka pale, unakivuta na fimbo. Kama huna fimbo, kinabaki cha pale."

"Kwa nini, Papa?"

"Mazuku."

Nilicheka. Lazima niseme ukweli huo, kwa sababu mengine yote yalitoka hapo. Kule kwetu milimani neno hilo lilikuwa la bibi yangu. Alilitoa jioni, pamoja na fisi na watu wasio na visigino, ili tusitoke nje ya uzio. Usipolala, mazuku watakuja. Usipomaliza ugali, mazuku wanaupenda. Nililisikia maisha yangu yote kama jina la mtu mbaya asiyekuwapo. Sasa namsikia mtu mzima, dereva wa malori, analitamka kama anavyotamka tope.

"Papa na wewe unaogopa mazuku?"

"Miye siogope," akasema. "Siiname tu."

Akatema maganda ya muwa majini, akaenda zake kutafuta mafuta ya jenereta.

Chumba kilikuwa chini ya sitaha, unashuka ngazi nne. Hatua tatu kwa mbili, kitanda kimoja cha chini, dirisha dogo lililofungwa kwa misumari tangu klima ilipowekwa. Kilinuka mbao mbichi na dizeli. Nilianza kazi kama ninavyoanza kila mara, kwa kutokuamini alichosema fundi aliyetangulia. Nikafunga manometa: gazi ya klima ilikuwa kamili. Nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba la shaba, nikasubiri. Hakuna povu lililovimba. Mashine haikuvuja hata kidogo. Kwa hiyo iliyowaangusha wale mama haikuwa gazi ya klima, na nilipomweleza Mama hivyo akashusha pumzi ndefu.

"Basi ni nini?"

"Uchafu, Mama. Na kukosa hewa."

Nilimwonyesha. Chujio lilikuwa limejaa vumbi la unga na magamba ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, likawa zito kama kitambaa kilicholowa. Nikalisafisha kwa maji ya sabuni na brashi, nikamwambia afanye hivyo kila wiki mbili, na kila wiki kama anabeba samaki. Tundu la kutolea maji ya klima lilikuwa limeziba, maji yamesimama chini ya sanduku na kuota utelezi wa kijani. Nikalizibua kwa waya, nikainamisha sanduku kidogo kuelekea nje ili maji yajiondokee yenyewe. Akaniuliza kama ingekuwa bora kununua kubwa zaidi. Nikamwambia hapana: klima kubwa katika chumba kidogo inapoza mbio halafu inazima, na unyevu unabaki, wewe unalala kama ndani ya nguo yenye maji. Ndogo inayofanya kazi polepole inakausha. Na jenereta yake isingeweza kuwasha kubwa.

Nilipenda jinsi alivyosikiliza. Nikaendelea kusema.

Kisha nikaukuta mpira. Klima ile ilikuwa na mlango mdogo wa kuingizia hewa mpya kutoka nje, na seremala alikuwa ameunganisha hapo mpira mweusi, akaushusha kwa nje ubavuni mwa boti hadi kiasi cha shibiri moja juu ya maji. Nikaelewa mara moja alichowaza. Juu kuna moshi wa injini. Chini kuna hewa baridi, na klima inayovuta hewa baridi haichoki. Alikuwa amewaza kama mtu wa milimani. Angekuwa ndugu yangu.

Kosa lake moja tu, niliona mimi, ni kwamba mpira ulikuwa mwembamba. Watu walikuwa wanakosa hewa kwa sababu iliingia kidogo. Mfukoni nilikuwa na kipande cha bomba pana. Nikatoa mpira wa seremala, nikapanua tundu kwa kisu, nikaweka bomba langu, mdomo wake palepale chini. Nikafungua mlango mdogo wote. Nikawasha.

Klima ilinguruma, ikatulia, ikatoa ubaridi safi kabisa. Nilikaa kwenye kitanda dakika chache nikiifurahia. Puani nilisikia mchomo kidogo, kama umekunywa soda ikarudi kwa juu. Nikadhani ni sabuni.

"Mama, iko tayari," nikasema.

Binti yake alifika mapema kuliko tulivyomtarajia. Ilikuwa saa kumi na moja, jua limezama nyuma ya mawingu na vilima kwa pamoja, mwanga umebaki bila kujulikana unatoka wapi. Alitembea kwa kujishika tumbo, na mama mkubwa wake alikuwa amembebea mtoto, kichanga kilichofungwa kwa kitambaa cheupe mpaka ikaonekana pua tu.

"Iko baridi?" binti akaniuliza.

"Baridi kama Masisi."

"Asanti, kaka. Nimechoka mpaka nywele."

Akashuka ngazi nne, akamlaza mtoto kitandani, akaketi kando yake. Mama akafunga mlango wa juu ili baridi isitoke. Yeye na mama mkubwa wakapanda njia kwenda kuchukua mizigo iliyobaki kwenye lori. Nikabaki mimi sitahani, nikisafisha koleo, na jenereta inanguruma.

Papa alirudi na dumu la mafuta. Aliliweka chini, akatazama ubavu wa boti, akatazama bomba langu jeupe, pana kama mkono wa mtu.

"Ni nani alitoboa hii?"

"Mimi. Ile ya zamani ilikuwa nyembamba, watu wanakosa hewa."

Ule mpira mweusi wa kwanza, kwenye kivuli cha mawe meusi, labda hakuwahi kuuona. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alichukua taa ya mafuta ya taa iliyokuwa inaning'inia kwenye nguzo, akaiwasha, akaitundika kwenye ndoana ya fimbo yake. Kisha akaishusha polepole kwa nje, kati ya boti na ukuta wa jiwe.

Mwali ulikuwa wa manjano, umesimama. Ulipofika kimo cha magoti juu ya maji ukawa mrefu na mwembamba. Halafu haukuwapo. Haukuyumba, haukutoa cheche, hakukuwa na upepo. Ulikuwa kama umebanwa kwa vidole viwili.

Akaipandisha, akaiwasha tena, akaishusha. Palepale. Akaiwasha mara ya tatu, akaishusha mbele kidogo, karibu na bomba langu. Palepale, kama kuna meza isiyoonekana imetandazwa juu ya maji yote, kutoka ukuta hadi ukuta, na moto umekatazwa kupita chini yake. Moshi mdogo wa utambi ulitoka, ukashuka, ukalala juu ya meza ile, ukatambaa polepole mpaka kwenye mdomo wa bomba. Kisha nikauona unaingia.

"Njo mazuku," Papa akasema. "Haina meno. Iko hewa tu, nzito, inatoka mu mawe. Haipandake. Inalala. Na weye umeifungulia mulango."

Nilisikia ngurumo ya klima chini ya miguu yangu. Ilikuwa inavuta vizuri sana.

Sijui nilifunguaje mlango ule. Nakumbuka ngazi ya pili, na Papa nyuma yangu akinishika kola ya shati, akisema, "Usiiname, usiiname, pumua hapa juu kwanza." Chini mule binti alikuwa ameketi, amegemeza kichwa ukutani, anatabasamu. Mashavu yake yalikuwa mekundu. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka mbio kama cha mtu aliyepanda mlima, na uso wake haukujua.

"Kaka," akasema polepole, "usingizi wa hapa iko mutamu."

Mtoto alikuwa amelala kando yake, kwenye godoro, kimo cha goti. Macho yake yalikuwa wazi. Hakulia. Alikuwa anatazama juu yangu kidogo, kama kuna mtu mwingine aliyeingia nami.

Nilijaza mapafu, nikashuka, nikainama. Ile soda ikanipanda puani na machoni kwa pamoja. Nilimshika mtoto kwa kitambaa chake, nikamwinua juu ya kichwa changu, juu kabisa, kama mtu anayevuka mto na mzigo wa chumvi, na mikono ya Papa ikampokea. Kisha tukamvuta binti kwa makwapa, huku anatuomba tumwache kidogo tu, kidogo tu. Miguu yake iligonga kila ngazi.

Tuliwaweka juu, kwenye njia, mahali ambapo majani yalikuwa yanatikisika. Mama alikuwa anateremka na begi kichwani, akaliacha lianguke. Papa alikuwa amemshika mtoto uso kwa uso na anampulizia puani, polepole, kama anayepuliza makaa. Mtoto alinyamaza. Nilihesabu, nikaacha kuhesabu. Niliyasikia mapovu kule chini yakipasuka, moja moja, bila haraka.

Ndipo akalia. Kilio chembamba, cha hasira, kikagonga kuta tatu za jiwe na kurudi, na mama yake, aliyekuwa hajui hata yuko wapi, akafungua maziwa kabla hajafungua macho.

Mama hakunipigia kelele. Alikaa karibu na binti yake mpaka rangi yake ikarudi, mpaka alipotapika na kuanza kulalamikia kichwa. Alimtuma binti na mtoto na mama mkubwa nyumbani kwa jirani, kule juu penye mihogo. Kisha akasimama mbele yangu.

"Fundi wa kilima," akasema. "Simama. Tunatoa boti."

Tukafungua kamba. Papa alishika mti mmoja, mimi mwingine, tukasukuma kuta, wote tumesimama wima kama watu wanaocheza gwaride, mpaka boti ikatoka kwenye ule mpasuko na upepo wa ziwa ukatupiga usoni. Sikuwahi kupenda upepo kama ule. Tuliifunga kwenye ncha ya mawe, mahali pa wazi. Niling'oa dirisha lililopigiliwa misumari. Niling'oa bomba langu, nikaziba tundu la chini kwa kipande cha mpira wa gari na lami, nikapigilia. Nikatoboa jingine juu, chini ya paa, upande wa mbele, mbali na moshi wa injini. Papa akanishikia taa. Tulipomaliza aliishusha ile taa chumbani hadi sakafuni. Ikawaka. Tukaiacha pale, tukaitazama sote watatu kutoka juu. Ikaendelea kuwaka.

"Sasa mutoto wangu atalala mule?" Mama akauliza.

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Nilikuwa na sababu zote: tundu liko juu, upepo upo, taa inawaka. Lakini saa chache zilizopita pia nilikuwa na sababu zote.

"Sijue, Mama."

"Hujue."

"Mashini naijua. Hewa ya hapa siijue."

Papa akacheka kwa mara ya kwanza. "Njo neno la kwanza la akili anasema tangu afike."

Mama alitazama ziwa, akatazama kule juu ambako moto wa jikoni ulikuwa umeanza kuonekana.

"Boti itangoja siku moja," akasema. "Leo utalala mule weye. Ukiamuka vizuri, kesho jioni mutoto wangu anapanda. Usipoamuka, ataenda na barabara, kidonda kitapona."

Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyopangia magunia. Akachukua begi la binti yake, akapanda njia, halafu akageuka. "Nitakutumia maharage. Kula mbele ya kulala."

Hivyo ndivyo nilivyopata mahali pa kulala upande ule wa Sake. Maharage yalikuja kwenye bakuli lenye kifuniko, na mihogo miwili ya kuchemsha, nikala sitahani nikiwa nimesimama. Giza lilikuwa limeshafunika maji niliposhuka zile ngazi nne. Kitanda kilikuwa na alama ya mwili wa binti, na kwenye mto palikuwa na harufu ya maziwa na poda. Nikawasha klima. Nikalala chali, kichwa upande wa ngazi, taa sakafuni mahali ninapoweza kuiona.

Juu yangu Papa alitandika koti lake la kike kwenye paa. Nilisikia mbao zikilia chini ya uzito wake.

"Nitakuwa nagonga," akasema kwa juu. "Nikigonga, jibu. Nikigonga usijibu, nitakutoa na ndoana."

"Sawa, Papa."

Nilivuta hewa kwa pua, polepole, nikitafuta ile soda. Nikasikia mbao, dizeli, lami mbichi. Nikavuta tena. Kisigino cha Papa kikagonga paa.

"Uko?"

Nilikuwa bado ninanusa.

"Weye! Uko?"

"Niko, Papa."

"Jibu mbio basi," akasema. "Hapa hatungojake muntu aitwe mara mbili."